Mitaa Tunayoipita Bila Kuijua



Ndugu msomaji, miongoni mwa Hadithi walizozipokea Imamu Bukhari na Imamu Muslim kimo kisa cha Banu Salima, ukoo wa Kiansari uliokuwa ukikaa pembezoni mwa Madina, mbali na Msikiti wa Mtume (SAW). Watu hawa waliazimia kuyaacha makazi yao wasogee karibu na msikiti. Habari ilipomfikia Mtume (SAW) aliwataka wabaki walipo, akawajulisha kwamba nyayo zao zinaandikwa, hatua kwa hatua. Masheikh wetu wanapoisomesha Hadithi hii darsani hukazia fadhila ya kwenda msikitini kwa miguu, na ndivyo ipasavyo. Lakini katika riwaya ya Anas bin Malik (RA) mna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Mtume (SAW) alichukia viunga vya Madina viachwe vitupu. Alitaka pembe za mji ziwe na watu, na watu hao wafungamane na wenzao wa katikati kwa njia ambayo kila mtu anaimudu, nayo ni miguu yake.

Sasa tuutazame mji wetu. Kwa sensa ya mwaka 2012, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Kwa sensa ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka katika muda wa miaka kumi, na wengi wao hawakwenda kukaa Oysterbay wala Upanga. Wameingia Mbagala, Gongo la Mboto, Vingunguti, Kigogo, Tandale, Kimara ya ndani na Mbezi ya mabondeni. Hiyo ndiyo Dar es Salaam yenyewe kwa hesabu ya vichwa, na hiyo ndiyo Dar es Salaam ambayo wengi wetu hatuijui ila kwa sauti ya kondakta. Mtoto wa mjini leo anaweza kufikia umri wa kubaleghe akiwa anayajua majina ya vituo thelathini vya daladala bila kuujua mtaa hata mmoja nje ya ule anaolala. Anaijua nyumba yao, anaijua shule, anaijua madrasa, na katikati ya hivyo vitatu pana dirisha la basi lenye vumbi. Buguruni kwake ni mahali pa kushusha abiria.

Ikiwa hasara ya jambo hili ingekuwa ni kukosa matembezi tu, safu hii isingelishughulikia, kwa kuwa familia zetu zina mambo mazito zaidi. Lakini tujiulize: haki ya jirani itatimizwaje na mtu asiyemjua jirani? Kila Ramadhani ikielekea ukingoni tunahangaika kupigiana simu tukitafuta wa kumpa Zakatul Fitri, kana kwamba masikini ni watu waliofichwa. Sayyidna Umar bin Khattab (RA), akiwa Khalifa, alikuwa na kawaida ya kutoka usiku na kuuzunguka mji. Kisa cha mama aliyeinjika chungu cha maji matupu ili watoto wake wadhani chakula kinapikwa, wapate kulala, tunakijua tangu chuoni. Tunachokipita haraka ni kwamba taarifa ile hakuletewa barazani kwake. Aliuona moto kwa mbali, akauendea kwa miguu pamoja na mtumishi wake Aslam, akatoa salamu, akaomba ruhusa ya kusogea, kisha ndipo akauliza watoto wana nini. Akarudi Baytul Mal, akabeba unga na mafuta mgongoni mwake mwenyewe. Angekuwa juu ya ngamia anayekwenda mbio, moto ule ungekuwa kwake ni nukta tu ya mwanga gizani.

Basi ombi letu wiki hii ni jepesi kulitamka na zito kidogo kulitenda: wazazi, watoeni watoto wenu siku moja, muutembee mji kwa miguu. Tutaitaja njia moja kwa mfano, nayo ipo katika moyo wa mji. Msomaji aliye Mombasa, Tanga au Nairobi atajua ni mitaa ipi ya kwake inayolingana na hii.

Aanzie pale Mtaa wa Samora, penye sanamu ya askari aliyeshika bunduki. Wenyeji wa zamani wa mji hupaita Bismini, jina lililotokana na Mjerumani Hermann von Wissmann, ambaye sanamu yake ilisimama hapo kabla Waingereza hawajaiondoa. Hii ya sasa iliwekwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya Waafrika waliotumikia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake yanawataja askari na wapagazi. Aliyechongwa, hata hivyo, ni askari peke yake. Mwonesheni mtoto jambo hilo, kisha mwambieni kwamba kaburi la mpagazi atalikuta mbele ya safari, limeandikwa juu ya kibao cha mtaa.

Kutoka hapo mtavuka Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, na jina hilo lisipite hivi hivi. Bibi Titi alikuwa binti wa Kiislamu wa mji huu, mwimbaji wa vikundi vya wanawake vya ngoma, aliyezunguka nyumba kwa nyumba na kundi kwa kundi mpaka akina mama wa Dar es Salaam wakaingia TANU kwa wingi kabla ya waume zao wengi. Alifanya siasa kwa miguu. Mkishavuka mtakuwa Mnazi Mmoja. Watoto wanapajua kwa Sala ya Idi na kwa mikutano, lakini uwazi ule una historia isiyopendeza. Wakoloni waliugawa mji mafungu matatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kila fungu likawa na kanuni za aina ya nyumba inayoruhusiwa kujengwa. Mnazi Mmoja uliachwa wazi uwe ukanda wa kuwatenga wa Uswahilini na wenzao. Mahali palipokusudiwa kuwatenganisha watu ndipo leo Waislamu wa kila asili wanaposimama safu moja, bega kwa bega, asubuhi ya Idi. Sijui kama wapanga mji wale waliwahi kuliwaza hilo.

Mbele ya Mnazi Mmoja ipo Kariakoo. Msomaji atastaajabu: Kariakoo nayo imo katika mitaa isiyojulikana? Naam. Kariakoo inajulikana kama soko. Kama mtaa wa watu, wenye waliozaliwa humo na waliofia humo, imekaribia kusahaulika kabisa. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, Kikosi cha Wapagazi, ambacho Waingereza walikipigisha kambi hapo baada ya kuutwaa mji kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916. Wapagazi hao walichukuliwa vijijini, wengi bila hiari yao, wakabeba risasi na unga wa jeshi vichwani hadi kusini ya nchi, nao wakafa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi.

Sasa someni vibao. Mtaa wa Narung'ombe. Mtaa wa Tandamti. Mtaa wa Mahiwa. Mamia ya maelfu ya watu hununua vitenge na simu katika mitaa hii na hakuna anayeuliza. Narung'ombe ni mahali palipopiganwa vita Julai 1917. Tandamti ni Agosti ya mwaka huo huo. Mahiwa, karibu na Lindi, ni Oktoba 1917, na ni miongoni mwa mapigano yaliyomwaga damu nyingi kuliko yote katika vita vile vya Afrika Mashariki. Mpagazi hakuchongewa sanamu pale Bismini, lakini njia aliyoipita na mzigo imebaki hapa, mtaa baada ya mtaa, kati ya maduka ya viatu. Mtoto wa darasa la sita akisimama kwenye pembe ya mitaa hiyo na kusomewa tarehe hizo, historia ya shuleni haitakuwa tena orodha ya kukariri.

Mitaa mingine nayo ina mengi. Nyamwezi, Udowe, Pemba, Mafia, Congo: haya ni majina ya watu na mahali walikotoka. Msikiti wa Manyema unawakumbusha wapitao kwamba watu wa mashariki ya Kongo walifika pwani hii, wakasilimu au wakaja wakiwa wamekwisha kusilimu, wakajenga nyumba na kuziwekea wakfu. Lumumba, uliokuwa ukiitwa New Street, ndipo TANU ilipoasisiwa tarehe 7 Julai 1954. Mtaa wa Kipata umebadilishwa jina ukawa wa Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association. Wasomaji wa gazeti hili wamesoma habari hizo mara nyingi. Lakini kuzisoma na kuzikanyaga ni mambo mawili.

Kilichobaki cha nyumba za zamani kinahitaji jicho la mtafutaji. Nyumba ya Kiswahili ya mji huu ilikuwa na mpango unaojulikana: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unaopasua nyumba, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na uwani nyuma palipo na jiko, kisima au bomba, na choo. Mwenye nyumba hukaa chumba cha mbele, wengine ni wapangaji. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi, wauza vitumbua na maandazi walioweka senti juu ya senti hadi wakasimamisha boriti na makuti, baadaye mabati. Katika nyumba moja walilala watu wa makabila sita, wakapikiana futari, wakaoshana maiti. Baraza lilikuwa shule yake. Maswahaba walipomwambia Mtume (SAW) kwamba hawana budi kukaa njiani kwa mazungumzo yao, hakuwakataza moja kwa moja. Aliwataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuondoa udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Baraza la nyumba ya Kiswahili ni Hadithi hiyo iliyojengwa kwa udongo na saruji.

Nyumba hizo zinaondoka, na kuondoka kwake si kosa lenyewe. Mji unakua, ardhi ina thamani, na warithi wana haki yao kisharia. Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka hapo hapo Kariakoo na kuua watu zaidi ya ishirini, tuliona pia kwamba si kila kinachopanda juu kinapanda kwa uangalifu. Lakini lipo jambo dogo kuliko hilo, la ndani ya familia, ambalo halifiki kwenye magazeti.

Nitalisimulia bila kutaja jina. Familia moja tunayoifahamu iliridhia kuuza nyumba ya babu yao, Ilala. Warithi walikuwa watu wazuri, wenye kusali, na kadhi aliwagawia mirathi kwa mujibu wa sharia bila mvutano. Hakuna mjukuu hata mmoja aliyekuwa amekanyaga mtaa ule kwa muda mrefu. Kodi ilipokewa kwa simu, na mambo yote yaliendeshwa na dalali. Wapangaji wakapewa notisi ya miezi mitatu, wakahama. Katika chumba cha uwani alikuwamo bibi mmoja mtu mzima sana. Siku ya kukabidhi funguo mmoja wa wajukuu alikwenda, akasali Adhuhuri katika msikiti wa mtaa, na baada ya sala mzee mmoja akamuuliza, kwa upole, kama anajua kuwa yule bibi aliyeondoka wiki iliyopita ndiye aliyemwosha nyanya yake, na mama yake mkubwa, na shangazi yake aliyefariki akiwa mtoto, na kwamba hakupokea ujira kwa hata mmoja wao. Kijana hakujua. Hakuna aliyejua. Nyumba ilikwisha kuuzwa, na bibi alikwisha kuhamia Mbagala kwa binti wa mdogo wake. Sharia haikuvunjwa popote katika kisa hiki. Ila mtu aliyetembea mtaa ule mara moja kwa mwaka, akakaa barazani robo saa, angelijua jambo hilo kabla ya kuandika notisi.

Tuendelee na njia yetu. Kusini ya Kariakoo ipo Gerezani, yenye jina litokanalo na neno gereza tulilolipata kwa Wareno. Huko sikio hutangulia jicho, kwani nyundo za mafundi chuma husikika kabla hujawaona. Wanageuza mabaki ya vyuma kuwa majiko, masanduku, mageti na vipuri vya mashine. Mbele zaidi, mkishapita Kamata, ziko Keko zote, Keko Magurumbasi, Keko Machungwa, Keko Toroli, ambako maseremala hupanga vitanda na makabati kando ya njia. Kitanda alicholalia mtoto wako huenda kilitoka huko. Mwache amwone mtu aliyekipiga randa. Shule zetu huwafundisha watoto kwamba vitu hutoka dukani.

Anayetaka kuelekea magharibi badala ya kusini ashike Barabara ya Morogoro, ashuke Jangwani. Hili ni bonde la Mto Msimbazi, ambao kila mvua kubwa huudai upya. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwafanya wengi wahamishiwe Mabwepande, na hata mabasi ya mwendokasi yamewahi kuogelea katika karakana yao. Sasa upo mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde, na wakazi wake wamekuwa wakilipwa fidia na kuondoka. Ukilitazama bonde kutoka ndani ya basi utaona majani na tope. Ukiteremka utaona misingi ya nyumba. Ni vyema watoto wakaona misingi hiyo, wakajua kwamba palikuwa na watu, palisaliwa, palipikwa ubwabwa wa hitima.

Ng'ambo ya bonde ni Magomeni, penye nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere kabla ya Uhuru, ambayo leo ni makumbusho. Mbele yake ni Mwembechai, jina ambalo Muislamu wa Tanzania aliye mtu mzima halisikii bila kukumbuka Februari 1998 na waliouawa. Mwenyezi Mungu (SW) awarehemu. Vijana waliozaliwa baada ya hapo hushuka kituo hicho kila siku na kwao ni kituo tu.

Nikitaja Mwembechai nakumbuka jambo linalonifurahisha kila mara, kwamba mji huu umepewa majina na miti yake. Mwembechai, Mwembe Yanga, Mnazi Mmoja, Mchikichini, Mkwajuni, Mbuyuni, Mikocheni, na Mabibo ambayo ni matunda ya mkorosho. Wazee waliposema mahali walimaanisha kivuli. Mpeni mtoto kazi ya kuitafuta miti hiyo, na aandike ni mingapi bado imesimama.

Kwa Tandale na Manzese nitasema machache, ingawa ndiko penye mengi. Hii ni mitaa iliyojengwa na wakazi wenyewe bila ramani ya serikali, na kwa miaka mingi katika ramani ilionekana kama sehemu tupu. Mwaka 2011 vijana wa Tandale pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliitembea Tandale uchochoro kwa uchochoro wakiichora, na kuanzia mwaka 2015 kazi ya namna hiyo ikapanuliwa kwa jina la Ramani Huria, hasa katika kata zinazosumbuliwa na mafuriko. Walihitaji kujua mtaro uko wapi, choo kiko wapi, maji yakija yatapita wapi. Setilaiti huona paa la bati. Ni miguu iliyogundua kwamba mtaro umezibwa.

Na kwa mwenye nafasi ya siku nzima, aende Kunduchi Pwani, akatazame makaburi ya nguzo ambayo Waislamu waliotutangulia waliyapamba kwa bakuli za kaure kutoka Uchina, pembeni ya magofu ya msikiti wa kale. Wengi hufika Kunduchi kwa ajili ya hoteli na hawajui kwamba wamepita jirani na wafu wenye historia ya karne nyingi.

Sasa adabu ya matembezi, kwani pasipo adabu matembezi haya yatakuwa balaa. Kwenda mtaa wa wanyonge kuutazama kama bustani ya wanyama ni udhalilishaji, hata ukiwa na nia njema na hata ukiwa umebeba msaada. Simu ikae mfukoni. Usimpige picha mtu, nyumba yake, wala watoto wake pasipo idhini, na uwani pa mtu si njia ya kupita hata kama ni mkato. Toeni salamu kila barazani. Watoto wafundishwe kumwamkia mzee kwa Assalaam alaykum kisha Shikamoo, na wasubiri Marahaba kabla hawajaendelea na safari. Najua wapo ndugu wanaoipinga shikamoo, na sitaingia katika mjadala huo leo. Ila mzee wa Gerezani atakayeamkiwa na mtoto asiyemjua kwa maneno yote mawili atawaelekeza njia mpaka mlangoni. Nunueni kitu huko huko, hata kama ni kashata. Salini katika msikiti wa mtaa badala ya kukimbilia ule mliouzoea, kwani aliye pembeni yako safuni ndiye atakayekuambia nani anaumwa na nani hajala. Sura ya Al-Furqan inawasifu waja wa Mwingi wa Rehema kwa namna wanavyotembea juu ya ardhi, kwa unyenyekevu. Mwendo wenyewe umehesabiwa kuwa sifa ya imani.

Kwa akina mama nina neno mahususi, kwa kuwa nimewasikia wakisema kwamba matembezi ni anasa ya wanaume. Wana hoja. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi hana pa kukanyaga: kando ya barabara pamepangwa bidhaa, bodaboda zinapita juu ya njia ya waendao kwa miguu, na mifuniko ya mitaro imeibwa kuuzwa chuma chakavu. Mwaka 2021 serikali iliwahamisha wamachinga kutoka kando za barabara, na si muda mrefu wengi walirejea, kwa sababu riziki yao ipo walipo wapita njia. Simlaumu kijana anayetafuta halali yake. Lakini kuondoa udhia njiani ni tawi la imani kwa mujibu wa Hadithi Sahihi, na muuzaji Muislamu anayefunga njia nzima kwa turubai lake mpaka mama mjamzito ashuke barabarani kati ya magari anapaswa kuambiwa hivyo, kwa wema, na mteja wake wa kwanza asubuhi. Na aliyeiba mfuniko wa mtaro ambamo mtoto ataanguka, huyo mauzo yake ni moto. Tokeni wawili wawili au watatu, asubuhi baada ya jua kuchomoza, mjulisheni nyumbani mnakokwenda. Mtaa ambao wanawake na watoto huonekana wakitembea ndani yake huwa salama zaidi kwa kadiri wanavyoonekana.

Kuhusu kina baba, wengi watasema hawana muda. Mtu huyo huyo hukaa saa mbili katika foleni ya Mandela akitazama namba ya gari lililo mbele yake.

Anayetafuta siku ya kuanzia, nampa hii. Jabir (RA) amepokea, na Imamu Bukhari ameithibitisha, kwamba Mtume (SAW) siku ya Idi alikuwa akienda kwa njia moja na kurudi kwa njia nyingine. Wanazuoni wametaja hekima kadhaa za jambo hilo, ikiwamo kuwasalimia watu wa njia zote mbili. Basi Idi ijayo, mkishamaliza sala Mnazi Mmoja, msikimbilie gari. Shikeni Mtaa wa Uhuru kwa miguu. Utawapitisha pembeni mwa Kariakoo ikiwa kimya kama isivyokuwa siku nyingine yoyote ya mwaka, kisha Mchikichini, kisha Ilala, na wenye nguvu watafika Buguruni kabla jua halijakaza. Kwa mtoto wa miaka saba njia hiyo ni ndefu, hivyo apumzishwe Ilala. Bebeni maji ya kunywa, na visheti au tende katika mfuko mkubwa kuliko mnaodhani unatosha, kwa sababu siku ile kila baraza litakuwa na watoto waliovaa nguo mpya wakingojea kuona nani anapita.